Jarida la bustani: kabla ya kulifuata, uliza nani kalilipia

Miaka michache iliyopita nilikata shauri nipande nyanya katika kijishamba cha mama mkwe wangu huko Takaungu. Kisima kipo, kijana wa kunisaidia yupo, na mimi nina jarida langu. Nililinunua Mombasa, karatasi yake inang'aa, na jaladani mna picha ya nyanya kubwa kama ngumi. Ndani mlikuwa na kalenda: mwezi huu sia mbegu, mwezi huu hamisha miche, mwezi huu piga dawa, mwezi huu vuna uhesabu pesa. Nikaifuata hatua kwa hatua.

Miche tukaihamisha mwezi wa nne. Mwezi wa tano masika yakamwaga kama yanavyomwaga huku kwetu. Majani yakaingia mabaka meusi, matunda yakaoza yangali mabichi. Nikarudi kwa jarida. Makala yalisema nipige dawa ya ukungu kila wiki, na ukurasa wa mkabala wake palikuwa na tangazo la dawa hiyo hiyo. Nikanunua, mvua ikaiosha. Nikanunua tena, mvua ikaiosha tena. Siku tuliyong'oa mashina, mama mkwe alisimama pembeni akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hicho kitabu chako hakikukwambia kuwa huku ni Pwani?"

Nilinyamaza. Jibu la swali lake nilikuja kulipata mbali na Takaungu, zaidi ya kilomita 800, katika kaunti ya Kakamega.

Maswali matatu ya Shinyalu

Nilikwenda Kakamega kwa harusi ya jamaa wa rafiki yangu, pande za Shinyalu, karibu na ule msitu mkubwa. Harusi ilipokwisha, mama wa nyumba tuliyofikia akanichukua kwenye kikundi chao cha akina mama wanaolima mboga. Walikuwa wamekaa chini ya mparachichi, na mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu, alikuwa na jarida jembamba mkononi. Jarida lilikuwa la Kiingereza. Alikuwa akisoma aya moja, kisha anaifasiri kwa Kiisukha, na kwa ajili ya mgeni anatia Kiswahili kidogo.

Kilichonishika ni kwamba hakuanza kusoma moja kwa moja. Kabla ya kila makala aliuliza maswali matatu, na wenzake wakajibu. Shamba hili linalosemwa liko wapi? Aliyeandika ni nani? Na hiki tunachoambiwa tutumie, anayekiuza ni nani? Jibu la swali la tatu likiwa ni tangazo la ukurasa wa pili yake, walicheka wote, na mwenyekiti akasema, "Haya, hii tunaisoma na jicho moja limefumba."

Nikakumbuka nyanya zangu. Maswali hayo matatu yangeniokolea pesa za dawa, ujira wa kijana, na aibu mbele ya mama mkwe. Ndiyo sababu nimeona tuyazungumze hapa, kwa sababu siku hizi maafisa wa kilimo wa nyanjani ni wachache na wengi wetu mwalimu wetu wa bustani ni karatasi au simu. Ni vyema tujue karatasi hiyo inatengenezwaje na nani anailisha.

Nani anailisha kalamu

Kuchapisha jarida ni gharama. Kuna mwandishi, mpiga picha, mhariri, mtambo wa kuchapia, karatasi, na gari la kulisambaza. Pesa hizo hutoka kwa watu watatu tu: msomaji anayenunua, mwenye bidhaa anayetangaza, au mfadhili anayetoa bila kutaka faida ya biashara. Majarida mengi huchanganya, lakini daima kuna mmoja mwenye sauti kubwa kuliko wenzake.

Jarida linaloishi kwa msomaji pekee ni nadra kwetu. Mkulima wa robo ekari hana shilingi mia mbili au tatu za kutoa kila mwezi, na akiwa nazo atanunua mbegu kwanza.

Jarida linaloishi kwa matangazo ndilo tunaloliona kwa wingi. Linaandikwa vizuri, picha zake zinapendeza, na si kweli kwamba linasema uongo. Shida yake ni ya namna nyingine, nayo ni yale linayoyanyamazia. Kampuni ya mbegu hulipia ukurasa, kampuni ya dawa hulipia ukurasa, muuza mabomba ya matone hulipia ukurasa. Lakini majivu ya jikoni hayana kampuni ya kuyatangaza. Samadi ya mbuzi haina meneja wa mauzo. Kungoja wiki sita mpaka mvua kubwa ipite hakuuzwi dukani. Basi ushauri wa namna hiyo huwa haupati nafasi, au hupata mistari miwili mwishoni. Makala niliyoyafuata mimi hayakunidanganya kuhusu dawa. Hayakuniambia tu kwamba kwa Pwani dawa ya kwanza ya nyanya ni kuchagua msimu.

Jarida la mfadhili ndilo lile lililokuwa mkononi mwa mwenyekiti. Linaitwa The Organic Farmer, lilianza mwaka 2005, na nyuma yake kuna taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, iliyoko Kasarani, Nairobi, pamoja na shirika la Biovision la Uswisi. Limekuwa likigawiwa bure kwa vikundi vya wakulima, si kwa mtu mmoja mmoja. Mpango huo una akili: nakala moja katika kikundi husomwa na kujadiliwa na watu wengi, na anayejua kusoma humsomea asiyejua.

Ukitaka kuelewa kwa nini jarida hilo linaandika linavyoandika, mwangalie mwanzilishi wa Biovision, Hans Rudolf Herren. Huyu ni mtaalamu wa wadudu kutoka Uswisi, na sisi watu wa muhogo tuna deni kwake ingawa wengi hatumjui. Mdudu mweupe anayefanana na pamba alipovamia mihogo barani Afrika katika miaka ya 1970 na 1980, Herren na wenzake walileta nyigu mdogo kutoka Amerika ya Kusini, wakamzalisha na kumwachilia mashambani. Nyigu akamla mdudu. Mkulima hakununua kitu. Kwa kazi hiyo Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995, na mwaka 1998 akaanzisha Biovision. Jarida lililotokana na mtu kama huyo haliwezi kushangaza likikutuma kwanza kwenye lundo la mboji kabla ya kukutuma dukani.

Lakini tusidanganyane: mfadhili naye ana msimamo wake. Jarida la kilimo hai litakueleza kwa urefu kuhusu mboji na kwa ufupi sana kuhusu mbolea ya dukani, hata pale ambapo kidogo cha dukani kingefaa. Na mfadhili akichoka au akibadili mipango, jarida hupungua au hufungwa, na msomaji hana sauti kwa sababu hakuwa akilipa. Kwa hiyo swali la nani kalipa linawahusu wote watatu.

Karatasi ya nani, lugha ya nani

Uandishi wa bustani si jambo jipya katika nchi yetu, ila haukuanza kwa ajili yetu. Mwaka 1934 ilitoka London kitabu kiitwacho Gardening in East Africa, kilichohaririwa na A. J. Jex-Blake na kuandikwa na wanachama wa chama cha bustani cha Kenya, Kenya Horticultural Society, pamoja na watumishi wa serikali ya kikoloni. Kilikuwa kitabu cha kazi, kimejaa maarifa, lakini bustani yake ni ya waridi na nyasi za mbele ya nyumba ya mzungu. Mwenye kushika jembe katika bustani hiyo hakuandikiwa yeye.

Upande wa Kiswahili, serikali ya Tanganyika ilikuwa na gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, na kilimo kilikuwa moja ya mambo yaliyomo. Mhariri wake alikuwa serikali, na serikali ilikuwa na mazao yake iliyotaka yalimwe. Swali la mwenyekiti wa Shinyalu lingefaa hata wakati ule.

Leo Kiswahili kina nafasi kidogo. Tangu mwaka 2011 kuna Mkulima Mbunifu, ndugu wa lile la Kiingereza, linalotolewa Tanzania kwa Kiswahili na ambalo hata mtu wa Kwale au Lamu anaweza kulisoma kwa simu. Taifa Leo lina kurasa zake za Akilimali zinazohusu kilimo na biashara ya kilimo. Saturday Nation lina Seeds of Gold, ila hilo ni la Kiingereza. Hazina hii si ndogo. Tatizo letu ni kwamba tunaipita.

Mboga moja, majina mawili

Kwa nini tunaipita? Nitatoa mfano kutoka Kakamega hiyo hiyo.

Kaunti ya Kakamega ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 katika sensa ya 2019, na ardhi yake ni kilomita za mraba kama 3,000 tu. Mashamba yamegawanywa yakagawanywa tena. Zamani pesa ya sehemu nyingi ilikuwa miwa, lakini kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga mwaka 1973, kiliyumba mpaka kikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Katika hali hiyo kipande cha mboga nyuma ya nyumba si pambo tena. Ndicho kinachonunua sukari na kalamu za shule.

Na mboga zenyewe ni za kienyeji. Kwa miaka mingi zilidharauliwa kuwa ni magugu au chakula cha maskini. Mmoja wa waliozirudishia heshima ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, mzaliwa wa magharibi ya Kenya. Ameeleza kuwa utotoni mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki, na mboga hizo ndizo zilizomlea. Alipokuwa mtaalamu akazifanyia utafiti, akaona kuwa mbegu za wakulima nyingi hazioti vizuri, akaanza kuwafundisha kutengeneza mbegu bora. Utafiti wa namna hiyo ukaingia katika majarida, na majarida yakaingia katika vikundi.

Sasa, jarida la Kenya likiandika habari hizo, litaandika managu, saga na mrenda, maana hayo ndiyo majina ya soko la Nairobi. Mluhya atasoma managu akajua ni lisutsa, saga akajua ni tsisaka, mrenda akajua ni murere. Mtu wa Pwani atasoma managu, aone ni mambo ya bara, afunue ukurasa mwingine. Hajui kwamba managu ni mnavu, ule mnavu anaouchanganya na mchicha na tui la nazi. Saga ni mgagani, ambao wengine huuita mwangani. Mrenda ni mlenda. Mboga zimo katika sufuria yetu, ila zimeandikwa kwa jina ambalo hatukulizoea.

Na hasara yake ni ya kweli, kwa sababu yaliyoandikwa chini ya majina hayo ni mambo ambayo mtu wetu anayahitaji. Nitataja matatu ili msomaji asiondoke mikono mitupu. Mbegu ya mnavu usiisie na tunda lake: chuma matunda yaliyoiva kabisa, yaponde, yaoshe mpaka utelezi utoke, kisha anika mbegu kivulini. Mbegu ya mgagani iliyovunwa juzi huwa imelala na huota kwa tabu; iweke mahali pakavu miezi mitatu au zaidi kabla ya kuisia. Mbegu ya mlenda ina ganda gumu. Ifunge kitambaani, itumbukize katika maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde kama kumi, itoe, ipoze na uikaushe kidogo ndipo uisie. Kazi zote tatu zinataka kitambaa, sufuria na subira, vitu ambavyo hakuna kampuni ya kuvilipia ukurasa.

Udongo haufasiriki

Lakini jina likishafasiriwa, bado kuna jambo ambalo kamusi haiwezi kulifanya. Mtu anaweza kufasiri neno kutoka Kiisukha hadi Kiswahili, ila hawezi kufasiri udongo wa Kakamega uwe wa Kilifi.

Kakamega iko juu, kiasi cha mita 1,500 na zaidi, mvua yake ni nyingi, na sehemu kubwa ya udongo wake una asidi. Ndiyo maana mkulima wa huko anashauriwa apime udongo na akiambiwa, atie chokaa. Ushauri mzuri kwake. Sasa mchukue mtu wa Kikambala au Watamu, ambaye chini ya jembe lake kuna jiwe la matumbawe, naye ni chokaa tangu asili. Akisoma makala hayo na kumwaga chokaa juu ya chokaa, atakuwa ananunua madhara. Mboga zitaanza kuwa na rangi ya njano, kwa sababu udongo wenye chokaa nyingi huuzuilia mmea madini ya chuma. Huyu anahitaji samadi, mboji na matandazo.

Kadhalika msimu. Mkulima wa Kakamega hupanda mwezi wa tatu kwa mvua ndefu na kupanda tena mwezi wa nane au wa tisa. Sisi tuna masika na vuli yetu, kusi na kaskazi yetu, na mchanga unaokauka siku tatu baada ya mvua. Kalenda ya kuchapishwa haina budi kuwa ya mahali fulani. Ikiwa haikutaja mahali, basi ni ya mahali alipo mhariri.

Hata mfumo mzuri kama ule wa sukuma-vuta, uliobuniwa na icipe na washirika wake katika miaka ya 1990 na kuenea sana magharibi ya Kenya, ulienea kwa sababu ulijibu shida mbili za huko, yaani kidusia na viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Mkulima hupanda desmodiamu katikati ya mahindi ili iwafukuze nondo na kulizuia gugu, na nyasi za mabingobingo pembezoni ili ziwavute nondo. Shida ilijulikana kwanza, ndipo dawa ikatafutwa, ndipo jarida likaandika. Sisi mara nyingi tunaanza na jarida.

Ukurasa wetu uko wapi?

Basi tufanyeje? Sisemi tutupe majarida. Kile kikundi cha Shinyalu hakitupi. Kinasoma kwa maswali, kisha kinajaribu kwenye tuta moja kabla ya kumaliza shamba zima. Tuta moja likiharibika ni somo, robo ekari ikiharibika ni deni.

Kwa hiyo la kwanza, tusome pamoja. Vyama vyetu vya akina mama, vikundi vya vijana na barza za wazee zina watu wa kusoma na watu wenye uzoefu. Aliyemaliza chuo ataleta simu, na bibi aliyelima kiunga miaka hamsini atasema kama hilo linawezekana huku au haliwezekani.

La pili, tupeleke maswali yetu panapostahili. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kiko Mtwapa, na kina ujuzi wa mazao ya Pwani: minazi, mikorosho, miembe. Kila mwaka maonyesho ya kilimo ya Mombasa hufanyika Mkomani, nasi huenda tukala viazi karai, tukawaangalia ng'ombe tukarudi. Mwaka huu nenda na swali moja lililoandikwa kwenye karatasi, na usirudi bila jibu.

La tatu ni letu sisi wenye kuandika. Tangu 2013 kilimo kiko mikononi mwa serikali za kaunti, na kaunti za Pwani zina maafisa wanaojua mwezi gani nyanya isipandwe Kilifi na kwa nini. Kinachokosekana ni ukurasa mmoja kwa mwezi, kwa Kiswahili chetu, wenye mnavu na mgagani kwa majina yao, wenye kalenda ya kusi na kaskazi. Kaunti ikiulipia, sawa, ila tutauliza kama picha ya gavana imechukua nafasi ya kalenda. Muuza mbegu akiulipia, sawa, ila tangazo lake lisikae mkabala na ushauri wetu. Na msomaji akitoa shilingi kumi zake, hapo ndipo atakuwa na haki ya kugomba.

Mwaka uliofuata nilirudi Takaungu. Nyanya tulizisia mwezi wa sita na kuzihamisha wa saba, mvua kubwa ikiwa imepita, tukamwagilia kwa maji ya kisima. Hatukuvuna za ukubwa wa ngumi, lakini tulivuna. Pembeni mama mkwe alikuwa amepanda mnavu wake, mbegu zimeoshwa na kuanikwa kivulini kama walivyonieleza Shinyalu. Aliponiona nimeshika simu nasoma, akauliza, "Na hicho nacho kinasemaje?"

Nikamjibu, "Mama, kwanza nakitazama kimeandikwa wapi."